Siyo Kiki, Siyo Dada wa Kazi: Mwizi wa Picha Aliingia na Kraki ya Bure

Mji huu una mahakama yake, na haina haja ya ushahidi. Picha za chumbani za staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva, jina kapuni, zilipovuja usiku wa Jumamosi, hukumu ilishatoka kabla ya adhana ya alfajiri. Wa kwanza wakasema ni kiki, si ana singo inakuja? Wa pili wakasema ni yule eksi wake, kalipiza kisasi. Wa tatu, na hawa ndio walioumiza kweli, wakasema: muulizeni dada wa kazi, si ndiye anayeshinda humo ndani?

Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya laptopu.

Dada wa kazi mwenyewe ni binti wa miaka 19 aliyekuja mjini kutoka Singida. Alinyang'anywa simu mbele ya majirani, ikapekuliwa picha moja moja, meseji moja moja. Hakikukutwa kitu. Hilo halikumsaidia, maana jibu lilikuwa tayari: ameshafuta. "Dada, mimi hata hilo nenosiri lako silijui," alisema, na watu waliojaa sebuleni wakacheka. Kesho yake asubuhi alishushwa stendi ya Magufuli, Mbezi, na begi lake moja, mshahara wa mwezi umezuiwa. Alipofika kwao, sura yake ilikuwa imemtangulia. Kurasa za udaku zilishaiweka, na juu yake maneno mawili: "Ndiye huyu."

Sasa ukweli umejulikana, na ni ukweli mkavu, hauna utamu wa ubuyu. Ndani ya laptopu ya staa kulikuwa na trojani. Iliingizwa na mdogo wake wa kiume, kijana anayejifunza kutengeneza biti, siku alipotaka programu ya muziki bila kulipa. Alitafuta YouTube, akakuta video inayoahidi programu kamili, bure, ya maisha. Chini ya video kulikuwa na linki. Linki ikampa faili la zipu lililofungwa kwa nenosiri, pamoja na maelekezo: zima antivairasi kwanza, itakusumbua bure. Akazima.

Hebu fikiria mgeni anayebisha hodi saa nane za usiku, anasema: kabla sijaingia, mfungieni mbwa bandani, zimeni taa za nje, halafu nifungulieni. Nani mwenye akili timamu atamfungulia? Lakini kwenye kompyuta jambo hilo linafanyika kila siku, tena kwa shukrani: "Asante kaka, imekubali."

Hata lile nenosiri la zipu watu huliona kama ustaarabu. Kazi yake ni nyingine kabisa. Faili likifungwa kwa nenosiri, antivairasi haiwezi kuchungulia ndani mpaka mwenye kompyuta alifungue kwa mkono wake. Kwa hiyo mwizi hakuvunja mlango wa staa. Alifunguliwa, akakaribishwa, na mlinzi akalazwa.

Hii siyo mvua

Watu husema "kompyuta imeingiwa na virusi" kwa sauti ileile ya kusema mvua imenyesha, kama vile ni jambo la mbinguni tu, halina mkono wa mtu. Trojani haiko hivyo. Kirusi cha kompyuta hujipachika kwenye mafaili na kujisambaza. Trojani haina hata haja ya kujisambaza. Inakaa, inajipamba, inasubiri mtu aitamani.

Jina lenyewe linatoka kwenye hadithi ya Wagiriki, walioizingira Troya miaka kumi wakashindwa kuuvunja ukuta wake. Wakajenga farasi mkubwa wa mbao, wakamwacha nje kama zawadi, wakajifanya wameondoka. Watu wa Troya wenyewe ndio waliomvuta farasi ndani, kwa kamba zao. Usiku askari waliojificha tumboni wakatoka, wakafungua malango.

Na mchezo huu haukuanza jana. Mwaka 1989 zilitumwa kwa posta disketi zipatazo 20,000 zikijifanya zina maelezo kuhusu UKIMWI. Aliyeiweka disketi hiyo kwenye kompyuta hakuona kitu siku ile. Baada ya kuiwasha mashine mara 90 hivi, majina ya mafaili yake yakavurugwa, na ukatokea ujumbe wa kumdai dola 189 azitume kwenye sanduku la posta huko Panama. Lililobadilika tangu hapo ni chambo tu. Zamani kilikuwa disketi ya afya, leo ni kraki ya programu, gemu lililofunguliwa, wimbo ambao haujatoka, au video ya faragha ya mtu maarufu.

Ikishaingia inafanya nini? Inategemea aliyeinunua anataka nini. Zipo zinazosoma maneno ya siri yote ambayo kivinjari kimeambiwa kiyakumbuke. Zipo zinazorekodi kila herufi inayobonyezwa. Zipo zinazowasha kamera na kipaza sauti. Zipo zinazompa mwizi kiti cha mbele, anafungua mafolda ya mtu akiwa nchi nyingine kana kwamba amekaa naye meza moja. Na zipo zinazobeba vidakuzi, yaani vile vikumbusho vinavyofanya Instagram au barua pepe imtambue mtu bila kumuuliza nenosiri upya. Mwizi mwenye vidakuzi anaweza kuingia kama mwenye nyumba, na hata zile namba za uthibitisho zisitumwe kwa simu.

Ndiyo maana ule utetezi wa "mbona laptopu iko fasta tu" hauna maana. Trojani iliyotengenezwa vizuri haitaki kompyuta iwe nzito. Mwizi aliyehamia nyumbani kwa watu anafunga milango taratibu.

Neno "kiki" linavyomlinda mwizi

Hapa ndipo mji unapaswa kusutwa. Kila picha ikivuja, jibu la kwanza ni kiki. Kweli, wapo mastaa waliowahi kujichezea wenyewe, na wamewaharibia wenzao. Lakini kumfanya kila mwanamke aliyeibiwa kuwa mtuhumiwa wa wizi wake mwenyewe ni zawadi kubwa kwa mwizi. Hatafutwi, hatajwi. Anakaa pembeni anasoma maoni na kucheka.

Marekani waliliona hili mwaka 2013. Mrembo mmoja aliyetwaa taji la taifa la warembo vijana alijitokeza na kusema kwamba kuna mtu alimpiga picha kupitia kamera ya kompyuta yake mwenyewe, akiwa chumbani kwake, kisha akamtishia kuzisambaza kama hatatii anayotaka. Aliyekamatwa na FBI alikuwa kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, aliyewahi kusoma naye sekondari. Alikiri kosa, na Machi 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Wasichana wengine kadhaa walikuwa wamefanyiwa hivyohivyo.

Chombo alichotumia kiliitwa Blackshades. Mei 2014 FBI na polisi wa nchi kadhaa waliposhuka kwa pamoja kuwakamata waliokuwa wakikiuza na kukitumia, dunia ikaambiwa kwamba kilipatikana hata kwa dola 40 na kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta zaidi ya nusu milioni, katika nchi zaidi ya 100. Dola 40! Wapo mjini hapa wanaomaliza zaidi ya hiyo kwenye meza moja Ijumaa usiku.

Kwa hiyo anayesema "haiwezekani, lazima mtu wa ndani" hajui dunia imefika wapi. Mtu wa ndani alikuwepo, ndiyo. Alikuwa laptopu.

Wenye kuomba koneksheni wajiangalie

Sasa waje wale wa kundi kubwa kuliko yote, waliokaa kwenye maoni wakiandika "naomba koneksheni", "inboksi tafadhali", "nani anayo kamili?" Hawa wanajiona watazamaji tu. Wao ndio soko. Mwizi asingekuwa na cha kumtishia mwanamke kama kusingekuwa na maelfu wanaonyoosha mikono kupokea.

Halafu mzaha wenyewe unawarudia. Saa chache baada ya picha za staa kuvuja, makundi ya Telegram yalijaa mafaili yenye jina lake. Mengi hayakuwa na picha hata moja. Ujanja wake ni mwepesi kama maji: Windows, isipobadilishwa, huficha herufi za mwisho za jina la faili. Faili linaloitwa "video_kamili.mp4.exe" linaonekana kwa mtazamaji kama "video_kamili.mp4", limevalishwa hata kialama cha video. Anabofya. Hakuna kinachocheza. Anasema "feki hii", analifuta, anaendelea na maisha. Feki wapi! Lile .exe ni programu, siyo video, na imeshafanya iliyotumwa kufanya. Kufuta chambo baada ya kukimeza hakumtoi ndoano samaki.

Jamaa mmoja, mpiga picha wa harusi anayejulikana sana upande wa Sinza, alicheka kwelikweli sakata la staa huyu na akawa wa kwanza kutafuta koneksheni. Wiki ya pili akaunti yake ya Instagram, iliyokuwa ndiyo duka lake, ikawa inatangaza uwekezaji wa sarafu za mtandaoni kwa Kiingereza. Wateja wake waliotapeliwa hawakwenda kumtafuta mdukuzi. Walimfuata yeye. Hapo ndipo alipoanza kuandika "jamani, nimehakiwa, nioneeni huruma." Huruma ni haki yake. Ila yule binti wa Singida naye ilikuwa haki yake.

Na asidhani mtu kwamba ni mambo ya watu wachache. Microsoft ilitangaza kwamba kati ya Machi 16 na Mei 16, 2025 pekee, iligundua kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoingiwa na trojani moja tu ya kuiba maneno ya siri, inayoitwa Lumma. Moja tu, miezi miwili tu.

Fundi na "kupiga window"

Staa hakukaa kimya. Alifanya wanachofanya wote: akaipeleka laptopu kwa fundi "akapige window". Fundi akakaa nayo siku moja, akairudisha na maneno matamu: "Dada, hii nimeisafisha, iko kama mpya." Wiki tatu baadaye akaunti ikachukuliwa tena. Sasa uvumi ukabadilika, ikawa amerogwa. Mama yake akaitisha maombi.

Maombi hayana ubaya wowote. Ila fundi alichofanya ni hiki: alihamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, likiwemo folda la mdogo mtu lenye ile kraki, akaweka Windows, akayarudisha yote yalivyokuwa. Tena Windows yenyewe aliiweka kutoka kwenye flashi iliyopita kwenye laptopu za nusu ya mtaa, akaiamsha kwa kifaa cha kuchakachua leseni. Kifaa hicho nacho kilitaka antivairasi izimwe, na yeye akaiambia isiguse diski C nzima. Yaani alimtoa mwizi kwa mlango wa mbele, akamrudishia funguo, akamwambia mlinzi asikague chumba chochote.

Siyo mafundi wote wako hivyo. Wapo waaminifu na wanaojua kazi. Lakini anayelipwa elfu kumi kwa kazi ya kutwa nzima atafanya kazi ya elfu kumi, na mwenye laptopu hana haki ya kushangaa.

Hapa wanaochakachua huleta hoja yao, na siyo hoja ya kupuuzwa: programu ni ghali, bei iko kwa dola, kijana anayeanza kutengeneza biti chumbani hana kadi wala hizo dola. Kweli. Lakini bure halali ipo, na wengi hawajawahi hata kuitafuta. FL Studio ina toleo la majaribio lisilo na ukomo wa siku. Ubaya wake ni kwamba kazi iliyohifadhiwa haifunguki tena mpaka mtu anunue, ila kujifunza anajifunza. DaVinci Resolve ya kuhariri video ina toleo la bure. Audacity ya sauti ni bure, LibreOffice ya kuandikia ni bure. Na Windows isiyolipiwa haizimiki. Inaandika maneno ya kukumbusha leseni pembeni mwa skrini na kumnyima mtu kubadili picha ya ukutani. Mtu anatoa nyumba nzima, albamu za familia na barua pepe za kazi ili tu aondoe maandishi ya pembeni mwa skrini. Hiyo ndiyo bure iliyo ghali kuliko zote mjini.

Aliyeisafisha hakuuliza "nani anakuchukia"

Aliyeumaliza mchezo ni binti wa jirani, mwanafunzi wa kompyuta chuoni. Aliingia, akamwamkia mama mtu, akakaa, akauliza swali ambalo mji mzima haukuliuliza: "Dada, nani alishusha kitu humu, na lini?"

Kazi yake ilikwenda kwa mpangilio, na mpangilio ndio dawa yenyewe.

Kwanza, laptopu ilitolewa kwenye intaneti. Waifai ikazimwa, hotspoti ya simu ikazimwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwenye akaunti yoyote kupitia mashine ile, maana nenosiri jipya likiandikwa kwenye kompyuta yenye mwizi, linamfikia yeye kabla halijakauka.

Pili, maneno ya siri yalibadilishwa kutoka kwenye simu iliyo safi. Barua pepe ndiyo iliyoanza, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia huko. Binti akaingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, akavitoa vyote. Kubadili nenosiri bila kuwatoa waliomo ndani ni sawa na kubadili kitasa mwizi akiwa amelala kitandani. Akakagua namba na barua pepe za kurejeshea akaunti, akakuta moja isiyo ya mtu yeyote pale nyumbani. Akaifuta. Akawasha uthibitisho wa hatua mbili. Kisha zikafuata Instagram, YouTube, na WhatsApp, ambako nako kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mwisho ikawa zamu ya akaunti za benki.

Tatu ndipo akarudi kwenye laptopu. Alianza na mipangilio ya Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe bila malipo. Akatazama orodha ya sehemu zilizosamehewa ukaguzi. Hapo akaikuta diski C nzima. Akaitoa kwenye msamaha. Akaendesha ule ukaguzi unaoiwasha mashine upya na kuisaka kabla Windows haijaamka, kwa sababu trojani iliyolala haina pa kujificha. Unachukua kama dakika 15. Kisha, kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, akapakua Microsoft Safety Scanner, nayo ni ya bure, akaileta kwa flashi ili apate jicho la pili. Hiyo haifai kuhifadhiwa, inaisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa. Akapitia programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka, na viongezi vya kivinjari ambavyo hakuna aliyejua vimetoka wapi.

Nne, na hapa wengi huishia njiani, hakuridhika na skrini iliyosema "safi". Mashine iliyokaa na mgeni miezi kadhaa haiaminiki kwa neno la antivairasi peke yake. Akahamisha picha, nyimbo na nyaraka tu. Hakuhamisha faili lolote la .exe, wala plagini, wala folda la kraki. Kwenye kompyuta safi akatengeneza flashi ya GB 8 kwa kifaa rasmi cha Microsoft, akafuta diski yote, akaweka Windows upya, akaruhusu masasisho yote yaingie. Hilo nalo lina uzito, maana Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na wengi bado wako nayo bila habari.

Tano, mdogo mtu akafunguliwa akaunti yake isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu bila kuulizwa. Herufi za mwisho za mafaili zikawekwa zionekane. Kamera ikabandikwa kipande cha plasta. Nakala za picha zikawekwa kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa.

Katika kazi hiyo ndipo ushahidi ulipojitokeza, bila mganga wala mpelelezi. Faili la kraki liliingia mwezi wa tatu. Wiki hiyohiyo barua pepe ya staa ilifunguliwa na kompyuta isiyojulikana, kutoka nje ya nchi. Dada wa kazi aliajiriwa mwezi wa tano.

Mwezi wa tano. Kosa lilifanyika hajawahi hata kuiona nyumba ile.

Radhi ziko wapi?

Kuna njia za haki kwa aliyeibiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa, na kusambaza picha za ngono mtandaoni nako ni kosa. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018 inayogusa moja kwa moja usambazaji wa picha za faragha za mtu. Anayetishiwa asilipe, kwa sababu anayelipa mara moja anawekwa kwenye orodha ya walipaji. Ahifadhi skrinshoti za vitisho, aende polisi. Tovuti ya StopNCII.org humsaidia mtu mzima kutengeneza alama ya siri ya picha yake, bila kuipakia picha yenyewe, ili mitandao inayoshirikiana nayo iweze kuizuia isipandishwe. Hayo ndiyo mambo ambayo kurasa za udaku zingeyaandika usiku ule, kama zingekuwa na nia.

Badala yake ziliandika "Ndiye huyu."

Staa amemwomba radhi yule binti kwa simu, na mshahara wake ametumiwa. Ni vizuri. Lakini alituhumiwa mbele ya maelfu, akaombwa radhi kwenye simu ya watu wawili. Eksi naye alitukanwa siku nne mfululizo, na hakuna timu hata moja iliyorudi kusema "samahani, bro." Kurasa zilizoweka picha ya binti zimeifuta kimyakimya, kama wanavyofuta mafaili wale wanaodhani kufuta ni kusafisha. Kwao Singida bado kuna watu wanaomnyooshea kidole sokoni, maana habari ya wizi ilifika na habari ya trojani haikufika. Nani atapanda basi kwenda kueleza maana ya trojani?

Mwizi wa kweli, yule aliyekaa nyuma ya skrini, hajulikani hadi leo. Huenda sasa hivi anapakia video nyingine, programu kamili, bure, ya maisha. Chini yake kuna linki, na maelekezo ni yaleyale: zima antivairasi kwanza. Na humo kwenye maoni kuna mtu wa mjini hapahapa, jana tu alikuwa anamcheka staa, anaandika: "Kaka, mbona kwangu haifunguki? Nisaidie."

Wadau, mezani kwenu: radhi ya hadharani kwa yule binti inatoka lini?